Fuawe, Bati na Kitenzi: Historia ya Ufuaji wa Metali katika Gusii na Swala la Istilahi

Utangulizi

Katika soko la Kiogoro, karibu na mji wa Kisii, kama katika masoko mengi ya Gusii, mtu husikia kazi ya metali kabla hajaiona. Fundi amelilaza bati juu ya ubao, ameupitisha mstari kwa msumari, naye anaupiga ukingo kwa nyundo ya mti mpaka ulale sawasawa. Kisha anaugeuza tena ili ncha kali ifichwe ndani, isije ikamkata mwenye kukitumia chombo. Mwanagenzi akiambiwa “kunja”, anakunja. Akiambiwa “pinda”, anafanya jambo jingine. Akiambiwa “nyoosha”, anajua kwamba amekosea.

Mwanagenzi huyo akifaulu kuingia katika chuo cha ufundi, kazi ile ile atafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Sababu inayotolewa mara kwa mara ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za karakana. Makala haya yanakusudia kuichunguza sababu hiyo kwa njia ya historia. Hatutauliza kwanza maneno gani yaundwe. Tutauliza maneno gani yalikuwapo, yaliingia lini, na yaliingia pamoja na kitu gani.

Dai letu ni moja. Tukiyapanga maneno ya metali kwa kufuata nyakati za kuingia kwake, tunaona kwamba majina ya vitu yamekopwa mara nyingi, kutoka Uarabuni, Bara Hindi na Uingereza. Lakini vitenzi vya kuipa metali umbo kwa nguvu, yaani kuipiga, kuikunja, kuivuta na kuitoboa, havikukopwa. Hivyo ni vya Kibantu, navyo vingali vinafanya kazi. Ikiwa ndivyo, tawi hili la ufundi ndilo ambalo Kiswahili kimejiandaa kwalo zaidi, wala si pungufu.

Fua na tura

Mhunzi kwa Ekegusii huitwa omoturi. Jina hilo limetokana na kitenzi chenye shina -tura, kufua chuma. Wakuria humwita mhunzi kwa jina lenye shina hilo hilo, na Wakikuyu husema muturi. Kwa mtazamo wa kwanza, tura na fua ni maneno yasiyohusiana. Lakini wanaoijua historia ya fonolojia ya lugha za Kibantu watatambua mara moja kwamba ni neno moja.

Katika Kiswahili, vipasuo vilivyotangulia irabu ya juu kabisa ya Mame-Bantu viligeuka kuwa vikwamizi. Ndiyo maana Mswahili husema mafuta pale ambapo Mgusii husema amaguta. Ekegusii, lugha yenye irabu saba, haikupitia mabadiliko hayo, na kwa hiyo ilibaki na t mahali ambapo Kiswahili kilipata f. Tena Kiswahili kiliidondosha l iliyokuwa kati ya irabu mbili. Kutokana na shina la asili lililokaribia kuwa -tula, upande mmoja ulipata tura na upande mwingine fua. Kishona kina -pfura kwa maana hiyo hiyo ya kufua chuma. Mtawanyiko wa namna hii hauwezi kuelezwa kwa ukopaji wa siku za karibuni.

Yafaa tuulize kwa nini kitenzi hiki, na si kingine, ndicho kilichobeba kazi yote ya mhunzi. Jibu limo katika tabia ya chuma chenyewe. Chuma safi huyeyuka katika nyuzijoto 1538 za Selsiasi. Tanuri la udongo lililochochewa kwa makaa ya miti na mivukuto liliweza kuyeyusha taka za mawe, lakini chuma chenyewe kwa kawaida hakikuwa maji. Kilichotolewa tanurini kilikuwa bonge lenye matundu, chuma kimechanganyika na taka. Bonge hilo lilipashwa moto tena na kupigwa, likapashwa na kupigwa, mpaka taka zikatoka na chuma kikashikana. Hivyo, kufua hakukuwa kazi ya kutengeneza umbo tu. Kulikuwa pia kazi ya kukisafisha chuma. Bila nyundo hakukuwa na chuma chochote cha kutumia.

Neno fuawe nalo lina ushahidi wake. Umbo lake laonyesha muungano wa fua na shina la jiwe. Leo fuawe ni pande la chuma, pengine kipande cha reli kilichokatwa. Lakini jina linakumbuka wakati ambapo chuma kilifuliwa juu ya jiwe, na nyundo yenyewe pengine ilikuwa jiwe. Neno chuma pia lina ndugu yake Gusii, ekioma. Mhunzi wa bara na mhunzi wa pwani, ambao hawakuwahi kuonana, walirithi kamusi moja.

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki zilizojua chuma mapema. Vyungu vya aina ya Urewe, vilivyopewa jina la mahali palipo katika Siaya ya leo, huhusishwa na jamii za kale za wafua chuma. Karibu na wakati wetu, majembe ya Samia yalijulikana sana katika Nyanza, na jembe lilikuwa chombo cha kilimo, bidhaa ya kubadilishana, na mara nyingine sehemu ya mahari. Omoturi wa Gusii alikuwa mmoja katika mlolongo huo mrefu. Mnamo Januari 1908 Otenyo Nyamaosa alipomchoma mkuki G. A. S. Northcote, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akiwatawala Wagusii, silaha aliyoishika ilitoka katika ufundi huo. Jeshi lililoletwa kulipiza kisasi mwaka huo lilikuja na silaha za viwanda. Katika tukio hilo, aina mbili za ufundi wa metali zilikutana, na matokeo yake yanajulikana.

Metali iliyokuja na biashara

Pwani ilikuwa na historia ya namna nyingine. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kinachoeleza safari za bahari ya Hindi na kujulikana kama Periplus, kinataja mikuki, mashoka na visu vilivyoletwa Rhapta kutoka Muza, bandari iliyokuwa katika Yemeni. Mwaka 1154 al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma. Basi pwani iliagiza chuma na kukitoa pia. Haikuwa mahali pa kupokea tu.

Lakini katika miji ya pwani palikuwa na mafundi wa shaba na fedha, na pamoja nao maneno ya Kiarabu yaliingia: shaba, risasi, kalibu, birika, na vitenzi viwili vyenye uzito, lehemu na subu. Ni muhimu kuvitazama vitenzi hivi kwa makini, kwa kuwa huenda msomaji akavitumia kulipinga dai letu. Kulehemu ni kuunga metali kwa moto na metali nyingine iliyoyeyuka. Kusubu ni kumimina metali iliyoyeyuka katika kalibu. Vyote viwili ni vitenzi vya kuyeyusha. Kama tulivyoona, mhunzi wa bara hakuwa na desturi ya kukifanya chuma kiwe maji, na kwa hiyo lugha ilikopa kitenzi pale ilipokopa ufundi wenyewe. Mahali ambapo ufundi ulikuwapo, kitenzi hakikuondoka. Hapana fundi wa pwani aliyeacha kusema fua kwa sababu alijifunza kusema subu.

Misafara ya karne ya kumi na tisa ilichukua nyaya za shaba hadi bara. Kiswahili kiliziita masango zilipokuwa nene, na udodi zilipokuwa nyembamba za kuvaliwa mikononi na miguuni. Kwa mhunzi wa bara, waya ulikuwa metali iliyokwisha kuvutwa na mtu mwingine; yeye aliukata, akaupinda na kuusokota. Hapo ndipo tunapoona mara ya kwanza hali itakayotawala karne iliyofuata: metali inakuja ikiwa nusu kazi, na fundi wa Afrika Mashariki anaimalizia.

Neno sufuria linafaa kutajwa hapa. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilihusu chombo cha shaba. Sufuria za leo katika jikoni za Gusii ni za alumini. Chombo kimebadili metali na jina halikubadilika. Mwenye kuandika historia ya vitu kwa kutegemea majina tu atapotea, lakini mwenye kuyaacha majina atapoteza ushahidi kwamba wakati mmoja kulikuwa na shaba.

Zama za bati

Mwaka 1829, mjini London, mhandisi Henry Robinson Palmer alipewa hataza ya karatasi ya chuma yenye migongo. Mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata hataza ya kukichovya chuma katika zinki iliyoyeyuka ili kisishikwe na kutu. Uvumbuzi huu wa aina mbili ulipounganishwa, dunia ikapata ezeko jepesi, lililoweza kupangwa melini na kubebwa na mtu kichwani.

Siri ya migongo ni rahisi kuielewa. Karatasi bapa ya chuma chembamba hulegea ikishikwa ncha mbili, kama karatasi ya kuandikia. Ikikunjwa mawimbi, sehemu ya metali huwekwa mbali na kitovu cha unene wake, nayo hupata ukakamavu bila kuongezewa uzito. Nguvu yake haikutokana na metali mpya, bali na umbo.

Reli kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa 1896, ilifika Kisumu mwaka 1901. Kituo cha serikali kikaanzishwa Kisii mwaka 1907. Kwa njia hiyo majembe ya viwanda vya Ulaya yaliweza kuufikia mkoa wa Ziwa kwa bei ambayo tanuri la udongo halikuweza kushindana nayo. Uyeyushaji wa chuma ulififia. Mhunzi, ambaye hapo awali alianza na mawe ya udongo mwekundu, sasa alianza na chuma chakavu. Lakini ingekuwa kosa kusema kwamba ufundi ulikufa. Kilichokufa ni hatua ya kwanza. Kufua kuliendelea, kwa kuwa jembe lililochakaa bado lilihitaji kunolewa na kufuliwa upya, na shoka bado lilihitaji mpini.

Bati lilileta maneno yake. Debe, ambalo asili yake ni Bara Hindi, lilikuwa kopo la mafuta ya taa la galoni nne, yaani kama lita 18. Mafuta yalipokwisha debe lilibaki, likawa ndoo, likawa kipimo cha nafaka, na mwishowe likawa bati la kukatwa. Karai nalo lilitoka huko huko. Katika masoko ya Gusii mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, kopo la takriban kilo mbili. Kopo la kiwanda limekuwa sheria ya soko. Na lile neno bati lenyewe, ambalo pia ni jina la metali laini ya kupakia na kulehemu, sasa huitwa karatasi ya chuma cha pua iliyopakwa zinki, pengine pamoja na alumini, isiyo na bati hata kidogo. Jambo lililoipata sufuria limelipata bati vile vile.

Kwa familia ya Gusii, nyumba ya mabati haikuwa kinga ya mvua pekee. Ilikuwa tangazo. Lakini ilikuwa pia gharama, na hapo ndipo hesabu ya geji ilipojifunzwa na watu wasiopata kuingia karakana. Katika madukani ya Kenya bati la geji 28 lina unene wa karibu milimita 0.4, la 30 karibu 0.3, na la 32 karibu 0.25. Namba ikipanda, unene hushuka. Mnunuzi asiyejua jambo hilo huweza kudhani amepewa zaidi, kumbe amepewa pungufu. Neno geji limetoka Kiingereza, na kwa kuwa hatukulieleza kwa lugha inayofahamika, mwenye duka hulijua na mwenye nyumba halijui. Upungufu wa istilahi haudhuru wanataaluma peke yao.

Jua kali

Baada ya uhuru, kazi ya bati ilishikwa na mafundi wasio na majengo. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, iliwatambua kuwa wazalishaji, si wazururaji. Kenneth King aliandika juu yao katika kitabu chake cha 1977. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na kuamuru wajengewe vibanda. Tangu hapo jina walilopewa kwa sababu ya kufanya kazi juani, jua kali, likaingia katika maandishi ya serikali. Waraka wa Bunge namba 2 wa 1992 ulilitumia katika kichwa chake. Ni mojawapo ya istilahi chache za uchumi ambazo Kiingereza cha Kenya kimezikopa kutoka Kiswahili, na haikuundwa na kamati yoyote.

Malighafi ya fundi huyu mara nyingi ni pipa la lita 200. Hulikata kwa tindo, akaliondoa kichwa na kitako, akalifungua mwili na kuunyoosha. Metali iliyopigwa ikiwa baridi huwa ngumu kila inapopigwa, na ikizidishwa hupasuka. Fundi anayejua huipasha moto na kuiacha ipoe polepole, ndipo hurudi kuwa laini. Anajua pia kwamba bati likikunjwa hadi pembe fulani hurejea kidogo likiachwa, na kwa hiyo hulikunja kupita kiasi ili litulie pale anapopataka. Haya yote ni mafunzo ya mwaka wa kwanza katika uhandisi wa metali.

Tuchukue mfano wa jiko la kauri la Kenya, lililoenea tangu miaka ya 1980. Ganda lake ni la bati, limebanwa kiunoni, pana juu na chini. Umbo hilo ni pia mbili zilizokatwa ncha na kuunganishwa. Ili kulipata kutoka karatasi bapa, fundi sharti akate vipande viwili vya duara vyenye upana uliokadiriwa vyema. Hakadirii kila mara. Ana kipande cha bati alichokichonga kwa usahihi, hukilaza juu ya bati jipya, akafuata ukingo wake. Kipande hicho ni kigezo. Sisi wanataaluma hulitumia neno kigezo kila siku kwa maana ya dhahania, tukasahau kwamba maana yake kongwe ni kitu cha kuigizia, kilichoshikwa mkononi.

Swala la istilahi

Sasa tunaweza kulirudia dai la upungufu. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ya 1930, na baadaye Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967, kazi kubwa ya istilahi imefanywa. Lakini mara nyingi imeanza kwa orodha ya Kiingereza, ikatafuta visawe. Njia hiyo huonyesha mapengo tu, kwa kuwa inauliza jina la kila kitu kimojakimoja. Haiulizi kitendo.

Tukianza na kitendo, mambo hubadilika. Kufua kwatosha kwa kazi ya nyundo, iwe ya moto au ya baridi. Kuvuta kwafaa waya unaopitishwa tunduni ili upungue unene. Kutoboa, kukata, kubonyeza na kunyoosha havihitaji maelezo. Ukingo uliokunjwa mara mbili ili usikate ni pindo, kama pindo la nguo, na mahali vipande viwili vinapofumbatana ni mshono. Migongo tayari ni neno la biashara Tanzania, ambako bati huuzwa kwa migongo mipana au midogo. Na kazi ya kiwanda ya kupitisha pande la chuma kati ya mitaimbo miwili inayozunguka ili liwe karatasi, mbona tusiiite kusukuma, kama mpishi anavyosukuma chapati? Kitendo ni kile kile: kani hutoka juu na chini, unene hupungua, urefu huongezeka.

Huenda ikasemwa kwamba maneno haya ni ya nyumbani mno, na kwamba sukuma ina maana nyingine. Pingamizi hili halina budi kujibiwa. Kwanza, Waingereza nao waliyachukua maneno ya mshonaji wakayapeleka kwa fundi bati, wala hakuna aliyeona kwamba sayansi imeshushwa hadhi. Pili, muktadha hutenganisha maana, kama unavyotenganisha kufua nguo, kufua nazi na kufua chuma. Tatu, istilahi inayoeleweka na mwanagenzi kabla hajafundishwa humpunguzia mzigo, ilhali istilahi ngeni humwongezea kazi mbili: kujifunza neno, kisha kujifunza jambo.

Hatusemi kwamba ukopaji ukomeshwe. Ribiti, bolti na geji vimekwisha kuingia na vina kazi. Historia tuliyoieleza inaonyesha kwamba Kiswahili kimekopa jina kila kilipopokea kitu, na hakikudhurika. Tunalosema ni kwamba kamusi zetu zimewaacha mafundi. Jiliwa na keekee yamo katika kamusi ya Johnson ya 1939, lakini katika karakana nyingi za Kenya husikika vaisi na drili. Upande mwingine, maneno yaliyo hai katika masoko hayajaingia katika kamusi yoyote. Mtafiti angepaswa kuketi karibu na fundi akiwa na daftari, akaandika anachosema anapofanya kazi, kabla hajaketi mezani kuunda.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Tamko hilo halijafika katika meza ya karakana ya chuo. Kijana wa Kiogoro anayejua bati hurejea kiasi gani baada ya kukunjwa, lakini hawezi kulieleza jambo hilo kwa Kiingereza katika karatasi ya mtihani, huandikwa kuwa hajui. Kosa hilo si lake. Ni la wale waliomwambia kwamba lugha yake haina maneno, hali mababu zake walikuwa na kitenzi cha kufulia chuma kabla Kiswahili na Ekegusii hazijatengana.